Barafu ya Kibo na Masomo ya Kaskazini: Mwanafunzi wa Moshi Aanzie Wapi?



Kwenye chumba cha baridi kali mjini Columbus, jimbo la Ohio huko Marekani, kuna barafu ya Kilimanjaro. Ilichimbwa Kibo mwanzoni mwa mwaka 2000 na timu ya Profesa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State. Wapagazi wa Kitanzania waliishusha mlimani, ikasafirishwa ikiwa imeganda hadi kwenye kituo cha chuo hicho cha utafiti wa ncha za dunia, na huko inatunzwa kwenye nyuzi zaidi ya 30 chini ya sifuri. Mimi nimepanga chumba Pasua, kama kilomita 35 kutoka kileleni ukinyoosha mstari kwenye ramani. Mlima nauona bure kila asubuhi mawingu yakikubali. Lakini nikitaka kuisoma barafu yake kwenye maabara, itabidi niombe viza.

Kwenye geto letu nikitaja masomo ya Aktiki, yaani zile nchi za baridi za kaskazini kabisa ya dunia, jibu ni moja: "Mambo ya wazungu hayo, kaka." Mwingine anaongeza kwamba barafu anayoijua yeye ni ile ya ukwaju, ya kwenye kimfuko. Tunacheka, yanaisha. Ila mimi niko mwaka wa tatu, nasoma jiografia, na nina hoja. Masomo ya kaskazini yalishatufikia hapa mlimani zamani sana. Kilichobaki ni sisi kuingia humo tukiwa na kitu mkononi, maana tunacho. Naomba nieleze kama somo, halafu tuone michongo iliyopo.

Kaskazini ilifika Kilimanjaro lini?

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro, akaandika kuwa ni theluji. Kule London, mwanajiografia William Desborough Cooley alimkatalia kabisa: theluji karibu na Ikweta haiwezekani. Cooley hakuwahi kufika huku. Wachaga waliokuwa wakiishi chini ya mlima huo hawakuulizwa.

Baadaye Wajerumani walipoupanda na kuupima, waliipa barafu majina ya wasomi wao. Mojawapo iliitwa Drygalski. Erich von Drygalski ndiye aliyeongoza msafara wa utafiti Greenland mwaka 1891 hadi 1893, kisha akaenda eneo la Ncha ya Kusini na meli iitwayo Gauss mwaka 1901 hadi 1903. Kwa hiyo jina la mtu wa Greenland lilibandikwa juu ya vichwa vyetu zaidi ya miaka mia iliyopita. Kwa wasomi wale, barafu ya Ikweta na barafu ya ncha za dunia zilikuwa somo moja.

Na majirani zetu walishaingia. Katika ule Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, chuo cha Makerere kilianza kupeleka misafara ya kupima barafu za Rwenzori. Mwaka 2006 ilitoka makala kuhusu kupungua kwa barafu hizo, na kati ya waandishi wake walikuwemo Andrew Muwanga na Bob Nakileza wa Makerere, pamoja na Callist Tindimugaya wa idara ya maji ya Uganda. Mlima Kenya nao, barafu yake ya Lewis imepimwa tangu 1934. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba Mwafrika Mashariki na elimu ya barafu ni maji na mafuta.

Somo fupi: barafu ya Kibo inakufaje?

Tuanze na tarakimu. Mwaka 1912 Kibo ilikuwa na barafu ya kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2000 zilibaki kama 2.5. Mwaka 2011 zikapimwa 1.76. Piga hesabu: tangu 1912 hadi 2011 tumepoteza karibu asilimia 85. Ukigawanya kwa miaka 99, ni wastani wa hekta 10 kwa mwaka, sawa na viwanja kama 15 vya mpira kila mwaka. Huo ni wastani tu. Kasi haikuwa sawa miaka yote.

Sasa swali la mtihani: barafu hiyo inaondokaje? Wengi tutajibu kwamba inayeyuka kwa joto. Jibu hilo halijakamilika. Mwaka 2000 Doug Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alifunga mtambo wa kupima hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo, na vipimo vyake vinaonyesha wastani wa joto la hewa pale ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo barafu haina sababu kubwa ya kutiririka maji. Inachofanya ni kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, kama zile naftalini za kabatini zinazopungua kila siku bila kulowanisha nguo. Hewa ikiwa kavu na jua likiwa kali, kazi hiyo inaenda haraka.

Kuna jambo la pili, nalo ni weupe. Theluji mpya hurudisha miale mingi ya jua ilikotoka. Theluji ikikosa kuanguka, barafu ya zamani iliyochafuka vumbi inabaki wazi, inanyonya jua, inapungua. Ukitembea Pasua saa nane mchana na shati jeusi utaelewa bila kufundishwa. Ndiyo maana Georg Kaser wa Innsbruck na wenzake walisema mwaka 2004 kwamba chanzo kikubwa kwa Kibo ni ukavu ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Thompson na wenzake wao waliweka uzito zaidi kwenye joto linaloongezeka duniani. Wale wa Rwenzori nao walinyooshea kidole joto. Mjadala huu ni mali kwa mwanafunzi: hapa unajifunza kwamba milima miwili ya ukanda mmoja inaweza kuwa na majibu tofauti, na kwamba "mabadiliko ya tabianchi" si jibu la kuandika kwenye kila asaimenti halafu ukalala.

Sasa linganisha na Aktiki. Kule hewa yenyewe inapata joto upesi: utafiti uliotolewa Finland mwaka 2022 ulionyesha kwamba tangu 1979 Aktiki imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia. Barafu ya baharini ikipungua, maji meusi yanabaki wazi, yananyonya jua, joto linaongezeka tena. Ni kanuni ileile ya shati jeusi, kwa ukubwa wa bahari nzima. Na barafu ya Greenland ikiisha yote, bahari duniani ingepanda kama mita 7. Hilo litachukua muda mrefu, lakini ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Dar es Salaam wanaishi ufukweni, na hata sehemu ndogo ya mita hizo ni nyumba na visima vyao.

Hata ndege wanatuunganisha. Vitwitwi unaowaona kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga ya Afrika Mashariki kuanzia Septemba hadi Aprili, baadhi yao huzaliana kwenye tambarare za Aktiki ya Ulaya na Siberia, kisha wanakuja kula huku. Mwanafunzi wa wanyamapori anayewahesabu vizuri chini ya Moshi anakusanya takwimu ambazo mtafiti wa Siberia anazihitaji. Hiyo nayo ni elimu ya kaskazini, inafanyikia topeni.

"Ukiisoma, itarudi?"

Baba yangu mdogo alikuwa mpagazi kwa miaka mingi. Yeye anaikumbuka Kibo ya kuta za barafu kushoto na kulia, na akienda siku hizi anasema pamekuwa kama mtu aliyenyolewa. Nilipomweleza kwamba utafiti wangu wa mwaka wa tatu ni juu ya barafu hiyo, alinyamaza kidogo akauliza: "Sasa wewe mwanangu, ukiisoma, itarudi?"

Nilimjibu: "Hapana, baba, haitarudi." UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba barafu za Kilimanjaro zitakuwa zimetoweka ifikapo 2050. Thompson mwaka 2002 alikadiria kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki bado yapo. Makisio ya mwaka yalikosea, mwelekeo haukukosea.

Mama naye ana swali lake, kwa sababu analima mpunga kwa maji yanayotoka mlimani: barafu ikiisha, mfereji utakauka? Hapa pia inabidi tuseme ukweli hata kama hautusaidii kuomba ufadhili. Maji mengi mno ya Kilimanjaro yanatoka kwenye mvua inayonaswa na msitu. Barafu ya juu inachangia kidogo sana. Andreas Hemp wa Bayreuth, aliyeutafiti mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto unaoushusha mpaka wa msitu ni hatari kubwa zaidi kwa maji kuliko kupotea kwa barafu. Kwa hiyo mama, linda msitu.

Basi barafu tunaisomea nini? Kwa sababu ni daftari. Ile iliyochimbwa mwaka 2000, iliyo ndefu kuliko zote ikiwa na mita 50 na kitu, ilikadiriwa kubeba kumbukumbu za miaka kama 11,700. Ndani yake kuna tabaka la vumbi la miaka 4,000 iliyopita linaloashiria ukame uliodumu kama karne tatu. Hakuna mzee wa kutusimulia ukame huo. Kurasa za daftari hilo zinapotea kila mwaka, na sehemu iliyookolewa ipo Ohio. Anayeweza kuisoma ndiye atakayeeleza historia ya mvua ya kwetu, na ningependa baadhi yao wawe watu wanaojua Pasua iko wapi.

Zoezi: pima Kibo kwa laptop

Kabla hujatafuta chuo cha mbali, fanya hili. Halihitaji kupanda mlima wala kulipa kiingilio cha hifadhi.

Picha za setilaiti za Landsat ni za bure tangu 2008, na za Sentinel-2 zipo tangu 2015. Programu ya QGIS ni ya bure pia. Pakua picha ya Kibo isiyo na mawingu, ya mwisho wa kiangazi, si baada ya mvua, maana theluji ya wiki moja itakudanganya kuwa barafu imeongezeka. Barafu hung'aa kwenye mwanga wa kijani lakini hunyonya infraredi ya mawimbi mafupi. Kwa hiyo chukua thamani ya kijani, toa ya infraredi, kisha gawanya kwa jumla yao. Pikseli inayozidi 0.4 ihesabu kuwa barafu au theluji. Halafu kagua kwa macho, hasa penye kivuli na penye vumbi.

Hesabu yake ni rahisi. Pikseli ya Sentinel kwa infraredi hiyo ni mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Eneo la kilomita za mraba 1.76 ni pikseli 4,400. Kwa Landsat, yenye pikseli za mita 30, zitakuwa chini ya 2,000, na zile za ukingoni zitakusumbua. Andika kosa lako la ukingo kwa uwazi. Msimamizi mzuri atakupa alama kwa hilo kuliko kwa kurasa tano za utangulizi. Ukimaliza utakuwa na ramani yako mwenyewe, na hiyo ndiyo barua ya maombi inayosomwa hadi mwisho.

Michongo iliyopo

Sasa tuje kwenye nafasi zenyewe.

Svalbard. Kwenye visiwa vya Norway, nyuzi 78 kaskazini, kipo kituo cha vyuo vikuu kiitwacho UNIS, mjini Longyearbyen, kilichoanza 1993. Wanafundisha biolojia, jiolojia, jiofizikia na teknolojia ya Aktiki. UNIS haitoi shahada yake. Unakwenda kusoma kozi ukiwa umesajiliwa chuo kingine. Jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, na wanafunzi hufundishwa usalama dhidi ya dubu weupe kabla ya kwenda fildi. Svalbard yenyewe haidai viza, ila ndege inapita Norway, na huko viza ya Schengen ni lazima. Iombe ya kuingia mara mbili, vinginevyo utakwama kurudi.

Tromsø. Chuo Kikuu cha Aktiki cha Norway, UiT, kina shahada ya uzamili ya masomo ya watu wa asili. Hii inawahusu wenzetu wa sosholojia, sheria na maendeleo. Wasami wanafuga kulungu wa kaskazini na wanagombania njia za malisho na migodi na miradi ya umeme. Anayeijua migogoro ya ardhi ya wafugaji wa kwetu ana cha kulinganisha kuanzia siku ya kwanza darasani.

Iceland. Chuo Kikuu cha Akureyri kinafundisha sheria za ncha za dunia tangu 2008. Halafu kuna GRÓ, mafunzo ya muda wa miezi sita hivi yanayofanyika chini ya UNESCO: jotoardhi tangu 1979 na uvuvi tangu 1998, pamoja na urejeshaji wa ardhi na usawa wa kijinsia. Wakenya wengi wanaoendesha umeme wa jotoardhi walipitia huko, na Watanzania wamo. Ila elewa utaratibu: GRÓ huchukua watu walio kazini, wanaopendekezwa na taasisi zao. Mwanafunzi huombi mwenyewe. Unalenga kwanza ajira kwenye taasisi inayohusika, ndipo mlango unafunguka.

Udaktari wenye mshahara na kufundisha. Hapa ndipo wengi hatupajui. Norway na nchi jirani zake, mwanafunzi wa PhD kwa kawaida ni mwajiriwa. Nafasi inatangazwa kama kazi, kwenye tovuti kama Jobbnorge na Euraxess, na unalipwa mshahara. Norway mkataba ukiwa wa miaka minne, robo ya muda ni kazi za idara, mara nyingi kufundisha na kusimamia mazoezi. Unatoka na utafiti pamoja na uzoefu wa ualimu wa chuo.

Mitandao. Kuna APECS, umoja wa watafiti vijana wa ncha za dunia, ulioanzishwa 2007. Wana semina za intaneti, na hapo ndipo koneksheni zinaanzia. Jarida la The Cryosphere nalo linasomwa bure na mtu yeyote mwenye bando.

Hela sasa. Tusidanganyane, bumu halifiki Tromsø. Sweden ilianza kutoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2011, Finland 2017, na Norway 2023. Zile hadithi za kaka zetu kwamba Skandinavia ni bure zimepitwa na wakati kwa shahada ya kwanza na ya uzamili. Njia zinazobaki ni ufadhili kamili kama Erasmus Mundus, unaolipa ada na posho ya kujikimu, au hiyo PhD ya mshahara. Wakala akikwambia atakupatia nafasi Norway kwa laki tano, mwage. Tangazo la kweli lipo wazi kwenye tovuti ya chuo. Gharama yako ya kwanza ya uhakika ni pasipoti, ambayo ya kielektroniki ilipoanza 2018 ada yake iliwekwa shilingi 150,000. Ianze mapema, maana nafasi nyingi hukupa wiki chache tu.

Tudai nini hapa nyumbani

Mtafiti wa kigeni akitaka kufanya utafiti Tanzania anahitaji kibali cha COSTECH, na anatakiwa awe na mshirika wa hapa nchini. Sharti hilo ni nguvu kuliko tunavyodhani. Mshirika anaweza kuwa mtu wa kusaini fomu, au anaweza kuwa idara inayosema: sawa, karibu, lakini wanafunzi wetu wawili watapanda na wewe, watajifunza mtambo, takwimu zitabaki nakala hapa, na majina yao yatakuwemo kwenye makala. Kwa miaka mingi Watanzania wamebeba mitambo hiyo mgongoni hadi mita 5,800. Waliobeba wanastahili heshima. Watoto wao wanastahili pia kuusoma mtambo.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Tuanzishe kikundi cha mlima: jiografia, takwimu, kompyuta, sheria, wote karibu. Kila mwaka, mwisho wa kiangazi, tupime barafu ya Kibo kwa picha za setilaiti, tuchapishe tarakimu hiyo kwenye ukurasa mmoja wa jarida hili, na tarehe yake. Miaka mitano tutakuwa na mfululizo wetu. Na kila anayemaliza amfundishe wa mwaka wa kwanza, ili zoezi lisife na mahafali.

Mimi ramani yangu ya kwanza nimeshaanza. Mwenye laptop isiyozima kila dakika ishirini, na anayeweza kuvumilia intaneti ya Pasua saa tano usiku wakati bando la usiku limefunguka, anitafute. Barafu iliyobaki haina muda wa kutusubiri tumalize sapu.